Chuma cha Manila, Udongo wa Kongwa

Wanaosimulia kuanguka kwa mpango wa karanga wa Tanganyika huanza na udongo wa Kongwa, eneo la mpango huo, unaogeuka kuwa kama saruji kiangazi kikiingia, kisha mvua chache, kisha mibuyu iliyogoma kung'oka. Yote ni kweli. Ila kuna mahali pengine mpango huo ulipovunjikia, napo hapatajwi sana: kwenye rafu ya vipuri. Mtambo ulioachwa na jeshi huonekana rahisi siku ya kuununua, lakini bei yake halisi hujulikana siku unapokatika mnyororo au kupasuka gia, mwenye mtambo akaanza kuuliza ulitoka wapi, umefanya kazi gani, na nani ana kifaa cha kuufaa. Historia ya mashine za aina hii ni historia ya maswali hayo matatu.

Wazo la karanga lililetwa Machi 1946 na Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, wakati Uingereza ikihangaika na uhaba wa mafuta ya kupikia. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ukapendekeza ekari zaidi ya milioni 3 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia Kaskazini. Shamba la ukubwa huo halilimwi kwa jembe la mkono, na trekta mpya hazikuwapo: viwanda vilikuwa na oda za dunia nzima iliyotoka vitani. Wanunuzi wakageukia marundo ya mali za jeshi, hasa Ufilipino, ambako Wamarekani walikuwa wameacha matingatinga yaliyosawazisha viwanja vya ndege na kuchonga barabara za vita. Baadaye kampuni ya Vickers-Armstrongs ikachukua vifaru vya Sherman, ikaving'oa mizinga, ikavigeuza kuwa trekta zilizoitwa Shervick. Sitawacheka waliofikiri hivyo. Kwa hesabu ya mwaka 1947 chuma kilikuwa kingi na muda ulikuwa mfupi.

Kilichokosekana ni historia. Matingatinga yalishushwa Dar es Salaam na kupandishwa kwa reli hadi bara bila mtu kujua kwa hakika kila moja limefanya kazi kiasi gani au limekaa kwenye mvua ya tropiki kwa muda gani. Fundi asiyejua hayo hawezi kuagiza vipuri mapema. Husubiri kitu kivunjike, ndipo aandike barua. Na Kongwa vitu vilivunjika haraka, kwa sababu mizizi ilikuwa minene na mchanga ulikuwa ukila chuma. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa takriban 7,500.

Tazama sasa upande wa pili wa rundo lilelile. Jeshi la Marekani liliacha Ufilipino jeep nyingi pia, na mafundi wa Manila wakazirefusha bodi, wakaweka mabenchi na paa, wakazaa jeepney, gari la abiria lililotawala barabara za nchi hiyo kwa miongo kadhaa. Jeep zaidi ya 600,000 zilikuwa zimetengenezwa na Willys na Ford kwa mchoro mmoja, hivyo kipuri cha moja kikaifaa nyingine. Injini za vita zilipochakaa, mafundi hao hawakuzililia. Walifunga za dizeli kutoka Japani. Gari likaendelea kuishi kwa kuwa lilikuwa na mahali pa kupata viungo vipya, hata kama havikuwa vya asili.

Atasema msomaji kwamba nalinganisha visivyolingana: jeep inabeba watu kwenye lami, tingatinga linang'oa msitu. Ni hoja nzito, na naikubali nusu. Hata mtambo mpya ungeteseka Kongwa, na hakuna gia iwezayo kuleta mvua. Lakini mtambo uliovunjika ukatengenezwa ndani ya siku chache ni hasara ndogo. Uliolala karakanani ukisubiri meli ni hasara ya msimu mzima, nao mshahara wa dereva unaendelea. Shervick nayo inajibu wanaodhani tatizo lilikuwa uchakavu tu. Hiyo ilipita kiwandani kwanza, na bado haikuokoa kazi, maana kifaru kiliundwa kwa ajili ya vita, si kuvuta mzigo uleule kutwa kwa mwendo wa pole.

Wanaofufua jeep za vita leo wameijua thamani ya historia ya mashine kwa njia ya vidole. Husoma kwanza kibao cha dashibodi chenye namba na tarehe ya kukabidhiwa, kisha hawakiamini. Huchungulia namba ya fremu, hutafuta herufi F ambayo Ford iliichapa hata kwenye bolti zake, hufungua orodha ya vipuri ya jeshi iliyopewa namba G503. Mara nyingi hukuta fremu ya Ford, injini ya Willys na kibao cha gari la tatu, kwa kuwa karakana za jeshi zilivunja magari mengi kwa pamoja na kuyaunga upya bila kujali kipi kilitoka wapi. Wanunuzi wa matingatinga wa 1947 hawakuwa na nafasi ya uchunguzi huo. Januari 1951 serikali ya Uingereza iliuzika mpango wa karanga, na takriban pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni.