Thomu na safu ya madhara

Kitunguu saumu hakina uhusiano na saumu ya Ramadhani, ingawa wajukuu zetu waliozaliwa Uingereza huuliza. Asili ya neno ni Kiarabu, thum, na wapo wazee wa Unguja ambao hadi leo husema thomu. Ulimi usiozoea th uliigeuza kuwa s, kama ulivyofanya thelathini kuwa selasini, na neno likaangukia juu ya jina la funga. Limetujia kutoka Kiarabu pamoja na elimu kubwa ya tiba, na katika elimu hiyo limo jambo tulilolipoteza njiani.

Ibn Butlan, tabibu wa Baghdad aliyefariki 1066, alitunga Taqwim al-Sihha kwa mtindo wa majedwali. Kila chakula kina safu zake: tabia yake, moto au baridi, kilicho bora, manufaa, madhara, kisha namna ya kuyaondoa madhara hayo. Katika tafsiri ya Kilatini ya kitabu hicho, iliyoenea sana Ulaya, thomu hufaa dhidi ya sumu, hudhuru ubongo, na dawa ya madhara yake ni siki na mafuta. Ibn al-Qayyim, aliyefariki 1350, naye alisifu thomu kwa wenye baridi na balghamu, kisha papo hapo akataja kuumwa kichwa, kudhoofika macho na kiu. Hawakuona haya kumsifu mtu na kumtaja aibu yake katika ukurasa mmoja.

Vijitabu vya tiba vinavyouzwa leo milangoni mwa misikiti, na ujumbe tunaotumiana kwenye simu kutoka Maskati hadi London, vimebakisha safu ya manufaa tu. Hilo si jambo dogo. Wengi wa rika langu tunameza dawa za kuzuia damu isigande, kama warfarini au aspirini, na thomu kwa wingi, hasa ile ya vidonge, huweza kuongeza hatari ya kutokwa na damu. Ndiyo maana madaktari hutaka iachwe siku kadhaa kabla ya upasuaji. Ile ya kwenye mchuzi au pilau haina tatizo kwa walio wengi. Thomu mbichi iliyopondwa na kufungwa juu ya ngozi, hasa ya mtoto, huunguza kama moto.

Manufaa nayo yapo. Pasteur aliandika mwaka 1858 kwamba thomu huua vijidudu, na mwaka 1944 Cavallito na Bailey, huko Marekani, waliitenga alisini, ile dutu inayotoka thomu inapopondwa. Lakini utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa 2007, kwa watu 192 katika muda wa miezi 6, haukuona kolesteroli ikishuka, si kwa thomu mbichi wala kwa vidonge.

Na yale mafuta ya Ibn Butlan? Mwaka 1985, Vancouver, watu zaidi ya 30 walipata sumu ya botulini kutokana na thomu iliyohifadhiwa katika mafuta bila kuwekwa kwenye baridi. Kijidudu chake hupenda pasipo hewa, na mafuta humfungia hewa. Kinachomzuia ni uchachu. Sidai kwamba tabibu wa Baghdad alijua habari za vijidudu, ila jedwali lake lilitaja siki pamoja na mafuta, na chupa nyingi ninazoziona katika majokofu ya jamaa zetu zina mafuta peke yake.