Sumu Isiyokufa Jikoni

Huku Madale maji ya kisima tukishayachemsha, roho kwatu. Nami niliamini hivyo, ndugu msomaji, mpaka niliposikia habari za Vikuge, kule Kibaha. Mwaka 1986 shehena ya dawa za wadudu ilitoka Ugiriki kama msaada, nyingine muda umeshakwisha. (Msaada gani huo, jamani?) Ikawekwa bandani, banda likaja kuanguka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaikuta DDT udongoni na hata kwenye maji ya visima. Moto huua vijidudu, lakini DDT haifi. Hujikusanya katika mafuta ya mwili. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani, kupitia wataalamu wake wa saratani, liliihesabu kati ya vitu vinavyoelekea kusababisha ugonjwa huo. Siku hizi nikinunua dumu la maji namwuliza muuzaji: kisima chako kinapakana na shamba la nani?