Bibi, Namba 6 na Kijiji

Wadau, nimerudi chuo salama. Vumbi la Dodoma ni lile lile, boom bado halijaingia, na desa la historia ya Tanzania linanisubiri kimbwetani. Lakini kabla sijalishika, kuna jambo la likizo limenikaa rohoni.

Rumu meti wangu ni mgonjwa wa zile siriz za ajabu ajabu, ambazo ukimaliza sehemu moja hujui umeangalia nini. Nilikuwa namcheka. Siku ya kufunga chuo akanijazia kwenye flashi siriz moja ya zamani ya Waingereza, The Prisoner. Sehemu 17 tu. Ilianza kurushwa Uingereza tarehe 29 Septemba 1967, na mwigizaji mkuu ni Patrick McGoohan, ambaye pia ndiye aliyeisukuma mwanzo mwisho.

Iko hivi: jasusi anaacha kazi kwa hasira. Anapakia mizigo nyumbani kwake London, anapuliziwa dawa ya usingizi, anazima. Akiamka chumba ni kile kile, akifungua pazia, nje si London. Yuko mahali panapoitwa Kijiji. Hakuna mwenye jina, yeye ni Namba 6. Vipaza sauti vinasalimia watu kwa furaha, bendi inapiga, chakula kipo. Dukani ramani zinauzwa, ila zinaishia mpakani mwa Kijiji! Kiongozi ni Namba 2, na karibu kila sehemu anakuja Namba 2 mwingine. Namba 1 haonekani. Ukitoroka unafukuzwa na puto jeupe linalounguruma. Eti mashine waliyotengeneza mwanzo iligoma, wakaishia kutumia puto la watu wa hali ya hewa. Bongo Muvi tusionewe jamani.

Basi jioni moja nyumbani Ikungi, baada ya ugali wa uwele na mlenda, naangalia zangu kwenye kompyuta, bibi akasogeza kigoda. Nikawa namtafsiria, japo ma-DJ wa mabanda ya video wangenicheka. Tulipofika kwenye vipaza sauti bibi akasema, "Huyu naye wamemhamisha."

Nikasimamisha picha.

Mwezi ule ule wa Septemba 1967, Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Ujamaa Vijijini. Humo alisisitiza watu waingie kwa hiari, wasilazimishwe. Novemba 1973 akatangaza kuwa kuishi vijijini sasa ni amri, na hadi mwisho wa 1976 wote wawe wamehamia. Operesheni Vijiji ikahamisha mamilioni ya watu, na Sheria ya Vijiji ikapitishwa 1975. Haya yote nilikuwa nayajua. Niliyaandika kwenye mtihani nikapata B+. Ila kwamba bibi yangu alikuwemo, sikuwahi kumuuliza.

Anasema lori lilikuja asubuhi. Wakapakia vyungu na magunia, mbuzi wakaswagwa kwa miguu. Paa likaezuliwa palepale ili mtu asirudi. Kaburi la mtoto wake wa kwanza likabaki. "Mahame yako kule kwenye yale mawe makubwa, mume wangu, pale mnapochungia." Nimechunga pale tangu niko darasa la pili. Nimekaa juu ya yale mawe nikila matunda pori.

Msidhani bibi anamlaani Mwalimu. Picha yake iko ukutani, juu ya redio. Kijijini ndiko alikojifunza kusoma, kwenye elimu ya watu wazima, na alipoona nimekunja uso akanigombeza: bila kijiji baba yako angesomea wapi? Hapo ndipo mimi nikaielewa siriz ya rumu meti. Picha ya kawaida ingempa bibi adui wa kumchukia. Hii ina bendi nzuri na chakula cha kutosha, na bado mtu anataka kwenda kwao. Na haikuelezi kwa nini. Bibi naye hakuelezwa. Anakumbuka kiongozi aliyeleta taarifa, na mwingine aliyekuja na lori, na huyo hakumwona tena.

Kuhusu televisheni, Bara wakati huo hatukuwa nayo kabisa. Serikali iliiona ni anasa, vituo vikaanza 1994, wakati Zanzibar walikuwa na ya rangi tangu mapema miaka ya 1970. Waingereza waliiona sehemu ya mwisho Februari 1968, wengi wakakasirika kwamba hawajaelewa kitu.

Muhula ujao naenda BTP. Nikipangiwa historia, mada hii itakuja, na desa linataka faida upande huu na hasara upande ule. Mahame ya bibi sijui nitayaweka upande gani. Labda niwaambie wanafunzi wakawaulize mabibi zao kwanza, wakati bado wapo.

Tulimaliza sehemu zote 17 siku mbili kabla sijaondoka. Bibi alikuwa amesinzia kidogo, akaniuliza yule bwana alifika kwake au hakufika. Nikamwambia alifika, London, nyumba yake ile ile, ila mlango ulifunguka wenyewe kama milango ya kule Kijijini. Akanyamaza. Kisha akaniuliza kama kuku nimewafungia.