Kugusisha Kadi: Istilahi na Matumizi Yake Safarini

Katika istilahi zilizotufikia pamoja na kadi za benki, iko moja iliyofasiriwa kwa haraka hata ikamwacha msomaji gizani, nayo ni ile ambayo aghalabu huandikwa "malipo bila mguso". Tafsiri hii imeliandama neno la Kiingereza "contactless" unyayo kwa unyayo, ikasahau kutazama mkono wa mlipaji unafanya nini; kwani mgeni anayesimama mbele ya mashine katika nchi ya watu, kadi i kiganjani na nyuma yake umesimama msururu wa wenye haraka, akiambiwa kwamba malipo haya hayana mguso, yamkini atainyanyua kadi hewani na kungoja, ilhali atakiwalo ni kuilaza juu ya mashine mpaka mlio usikike.

Ili maana ipatikane, sharti tuanze na namna mbili za kulipa zilizotangulia. Ya kwanza ilikuwa ya utepe wa sumaku ulio mgongoni mwa kadi, ambao ulipitishwa kwa mkupuo mmoja katika ufa wa mashine, na watu wetu wakakiita kitendo hicho kuchanja, neno lililotoka kwenye wembe na ngozi likaenea lenyewe pasipo baraza lolote kulipitisha. Ya pili ni ya chipu, iliyofunikwa kwa kibati cha rangi ya dhahabu usoni mwa kadi, kwa kanuni zilizotungwa na makampuni ya Europay, Mastercard na Visa katika miaka ya 1990. Kadi hii huchomekwa, na vijino vilivyomo ndani ya mashine hukikamata kile kibati ndipo umeme na habari vipite. Mguso uliokanushwa na neno la Kiingereza ni huu hasa, wa madini kwa madini, wala si mguso wa kadi na mashine.

Amma namna ya tatu ina siri inayostahili kuelezwa kwa utuo. Ndani ya plastiki ya kadi umezungushwa waya mwembamba sana, na mashine ya kulipia hutoa uga wa sumaku unaotikisika mara milioni 13.56 kwa sekunde. Kadi ikaribiapo, waya ule huingiwa na umeme kidogo, nao huiamsha chipu, ambayo haina betri wala nguvu yake yenyewe, ikatoa alama ya siri iliyofumbwa kwa hesabu na inayofaa kwa muamala ule mmoja tu, hata mwizi akiinasa asiweze kulipia kitu kingine kwayo. Uga huo hufifia upesi mno, na kazi yake haivuki sana sentimita 4. Kwa hiyo kadi iliyo mbali na mashine kwa kadiri ya shubiri haisomwi, na aliyeambiwa asiguse atakuwa ameambiwa jambo la kumpoteza.

Jiji la London latoa ushahidi ulio bayana. Mabasi yake yalianza kupokea kadi hizi Desemba 2012, treni za chini ya ardhi zikafuata Septemba 2014, na tangu Julai 2014 fedha taslimu hazipokewi tena ndani ya basi, kiasi cha kwamba msafiri aliyetoka Unguja au Mombasa na noti zake safi za pauni aweza kuachwa kituoni. Na matangazo ya huko, kwa Kiingereza cha wenyewe, humwamuru abiria aguse: katika treni aguse mashine ya manjano aingiapo na aguse tena atokapo, na katika basi aguse apandapo tu. Wenye lugha wameliweka kando neno lao wakashika kitendo. Sisi tuna sababu gani ya kung'ang'ania walichokiacha?

Kuna hadhari hapa ambayo wageni wengi huipata kwa hasara. Simu iliyotiwa kadi hupewa namba yake, isiyokuwa ile iliyochapwa kwenye plastiki. Basi aliyegusisha simu aingiapo stesheni, kisha akagusisha kadi atokapo, huhesabiwa safari mbili zisizotimia, na kila moja yaweza kutozwa nauli ya juu kabisa, ijapokuwa fedha zote zatoka katika hesabu moja ya benki. Madukani nako uko mpaka: Uingereza ilipoanza mwaka 2007, kugusisha bila namba ya siri kuliishia pauni 10, na kufikia Oktoba 2021 mpaka huo ulikuwa umepandishwa hadi pauni 100, lakini mashine yaweza kudai namba ya siri hata kwa kiasi kidogo, na asiyeikumbuka atarudisha bidhaa.

Kugusisha, hata hivyo, ni namna ya kulipa tu, wala hakutuambii fedha ni za nani. Wengi huita kila kadi "kadi ya mkopo", na kosa hilo huonekana hotelini, ambako mgeni huzuiliwa kiasi fulani kama dhamana tangu siku ya kufika. Mwenye kadi ya mkopo hupungukiwa na nafasi ya kukopa tu. Mwenye kadi ya kawaida ya benki huzuiliwa fedha zake halisi, na pengine hupita siku kadhaa baada ya kuondoka kabla hazijafunguliwa. Wafanyabiashara wa pwani yetu waliotumiana hundi na Bombay walijua vema deni ni la nani na lalipwa lini, nasi hatuna udhuru wa kujua pungufu yao.

Rai yangu, basi, ni kwamba tuseme kugusisha, na malipo yake tuyaite malipo ya kugusisha, yakae safu moja na kuchanja na kuchomeka. Nayasihi mabenki ya kwetu yaliandike neno hilo kwenye mashine na katika barua zinazofuatana na kadi. Nawe msafiri, mashine ikikuuliza ulipe kwa shilingi au kwa sarafu ya nchi uliyomo, chagua ya nchi uliyomo, kwa maana kiwango cha kubadilishia kinachotolewa pale dukani aghalabu huwa kibaya. Na kabla hujapanda ndege iulize benki yako, kwani kadi nyingine hufungwa zisifanye kazi ng'ambo mpaka mwenyewe aombe zifunguliwe.