Kalamu ya Omar bin Said

Atakaye kuijua tarikhi ya Waislamu wa Amerika asianze na daftari za matajiri walionunua watu, bali na aanze na kurasa chache zilizoandikwa kwa khati ya Kiarabu mwaka 1831, katika jimbo la North Carolina, kwa mkono wa mtumwa mmoja mzee aliyeitwa Omar bin Said.

Mtu huyu alizaliwa yapata mwaka 1770 huko Futa Toro, karibu na mto Senegal, na kwa kauli yake mwenyewe alitafuta ilimu kwa masheikh zake muda wa miaka 25, hata jeshi kubwa likaiingia nchi yao, likaua watu wengi, naye akatekwa, akatiwa chomboni, akavushwa bahari hadi Charleston. Omar alimwona bwana wake wa kwanza kuwa dhalimu asiyemcha Mungu, akamtoroka. Na mwaka 1810 akakamatwa Fayetteville, akafungwa gerezani, ambako husimuliwa kwamba aliokota makaa akaandika Kiarabu kutani, watu wakaja kutazama kwa mastaajabu. Baadaye alinunuliwa na James Owen, akaishi kwake hata mauti yalipomfika, utumwa ukiwa haujaharamishwa nchini.

Walakini, alipotakiwa aandike habari za maisha yake, hakuanza na nafsi yake: alitanguliza Surat al-Mulk ya Qur'ani, sura ambayo mtoto wa chuoni huihifadhi angali mdogo, na ambayo maana ya jina lake ni milki na ufalme, ndipo akaomba radhi kwamba lugha ilikuwa imemponyoka. Yeye aliyehesabiwa kuwa milki ya mwanadamu mwenziwe alikitangulizia kisa chake neno la Yule ambaye milki zote ni Zake, tena kwa herufi ambazo waliommiliki hawakuweza kuzisoma.

Alibatizwa Fayetteville, na wanavyuoni wa tarikhi hata leo wanahitilafiana juu ya itikadi aliyofa nayo. Shauri hilo ni la Mola wake. Lililo juu yetu ni kuyasoma maandiko yenyewe, ambayo baada ya kupotea kwa miaka mingi yalionekana tena, na tangu mwaka 2017 yamehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Tafsiri za maandiko hayo zilimpitisha Omar katika vinywa vya watu wengine. Asomaye khati yake humsikia akisema mwenyewe, na sura ile huwa ndiyo ya kwanza kumlaki.