Njia Moja, Alama Nyingi: Historia ya Shina la Mawasiliano, pamoja na Mfano wa Rungwe

Barabara itokayo Mbeya kwenda mpaka wa Malawi hupanda milima ya Uporoto, hupita Kiwira, hufika Tukuyu, makao ya Wilaya ya Rungwe, kisha huteremka mpaka Kyela na Kasumulu. Upande huo huo wa nchi hupita tawi la Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009, na ambao hufikia mipaka ya Tanzania na jirani zake katika vituo kama Tunduma, Mutukula, Namanga na Kasumulu. Barabara hubeba wafanya biashara, wagonjwa, ndizi na chai. Kila msafiri ana safari yake, ijapokuwa lami ni moja. Nyuzi za kioo nazo hubeba hesabu za serikali, habari za mabenki na maneno ya watu binafsi. Swali ni moja kwa njia zote mbili: mambo mengi yasiyohusiana huwezaje kupita pamoja pasipo kuchanganyika? Historia ya jibu lake ni ndefu kuliko umri wa kompyuta, na ndani yake limo pia suala la lugha ambalo halijakwisha.

Wamisionari wa Kimoravian walipofika Rungwe mwaka 1891, njia yao ya kuja ilikuwa ya maji, kwa Zambezi na Shire hata Ziwa Nyasa. Mwaka 1893 Wajerumani walijenga kituo cha Langenburg kando ya ziwa. Baadaye makao yalihamishiwa mlimani, yakaitwa Neu-Langenburg, ndipo Tukuyu ya leo. Mwezi Mei 1916 mahali hapo paliingia mikononi mwa majeshi ya Waingereza. Katika zama hizo zote barua za bara zilichukuliwa na matarishi waliokwenda kwa miguu. Mfuko ulikuwa mmoja, na barua ndani yake zilikuwa za watu wengi: za serikali, za misioni na za wafanya biashara. Kilichozitenga hakikuwa mfuko wala mchukuzi. Kilichozitenga ni anwani na muhuri juu ya bahasha. Tarishi hakuhitaji kujua yaliyoandikwa ndani. Ilimpasa kuheshimu alama ya nje.

Simu ilipokuja, jambo hilo lilichukua sura nyingine. Hapo mwanzo waya mmoja ulichukua mazungumzo mamoja tu, na mkaa-simu aliunganisha watu kwa kuchomeka kamba katika ubao wake. Nyaya za kuunganisha mji na mji zilikuwa chache na za thamani, hata mwenye kutaka kuzungumza na mji wa mbali aliweza kungoja zamu yake kwa muda mrefu. Baadaye wahandisi walipata njia ya kuyapitisha mazungumzo mengi katika waya mmoja, kila mazungumzo yakiwa na kiwango chake cha mawimbi. Kisha wakagawanya wakati wenyewe vipande vidogo, kila mazungumzo yakipewa kipande chake kwa zamu. Waya ulibaki mmoja, na mgawanyo ulikuwa katika mawimbi au katika saa.

Kompyuta zilirudi kwenye hekima ya bahasha. Mwaka 1973 Robert Metcalfe wa kampuni ya Xerox, huko Marekani, alibuni Etheneti, mtandao ambao mashine zake zote zilishiriki kebo moja na kusikia kila kilichosemwa. Neno hugawanywa katika vifungu viitwavyo fremu, na kila fremu ina anwani ya mtumaji na ya mpokeaji. Mpango huo ulifaa kwa chumba kimoja. Mitandao ilipokua, matangazo yanayokwenda kwa mashine zote yalizidi, na idara zisizopaswa kusikilizana zikawa katika baraza moja. Katika miaka ya 1980 W. David Sincoskie, aliyefanya kazi katika maabara ya Bellcore, alitafuta namna ya kuikuza Etheneti pasipo kuisonga, na fikira zake zikazaa kile ambacho mafundi hukiita kwa kifupi VLAN, na ambacho kwa Kiswahili chaweza kuitwa mtandao pepe: kundi la mashine linalojiona kuwa peke yake, ijapokuwa linashiriki vifaa na makundi mengine. Mwaka 1998 taasisi ya wahandisi ya IEEE ilitoa kanuni iitwayo 802.1Q, nayo ndiyo sheria ya jambo hili.

Kwa msomaji anayeijua Rungwe, fikira hii si ngeni kama inavyoonekana. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti kwa Wanyakyusa baina ya 1934 na 1938, walieleza jinsi watu walivyoishi katika vijiji vya marika. Vijana wa umri mmoja walijenga pamoja, wakafurahia ujirani mwema uitwao ukwangala, na watu wa ukoo mmoja wakatawanyika katika vijiji mbalimbali. Hata hivyo ukoo haukuvunjika: mali yake, hasa ng'ombe, iliendelea kupita baina ya ndugu waliokaa mbali mbali. Mtu aliweza kuwa jirani wa huyu na ndugu wa yule. Mahali pa kukaa palikuwa jambo moja, na umoja wa ukoo jambo jingine. Mtandao pepe nao ni ukoo wa namna hiyo: mashine zake zaweza kukaa katika majengo tofauti, na bado zikawa za nyumba moja.

Utendaji wake ni huu. Swichi ni kifaa chenye milango mingi ya nyaya. Mlango wa kawaida huwa wa mtandao pepe mmoja tu. Mashine iliyochomekwa hapo haijui habari ya mitandao mingine. Lakini baina ya swichi na swichi, au baina ya swichi na fayawoli, yaani lango lenye mlinzi, waya mmoja hulazimika kubeba mitandao yote. Mlango wa waya huo ndio shina. Fremu inapotoka shinani hutiwa alama ya baiti 4. Baiti 2 za kwanza hutangaza kwamba alama ipo. Katika zilizobaki, biti 3 huonyesha daraja la haraka, biti 1 huonyesha kama fremu yaweza kuachwa njia inaposongamana, na biti 12 huchukua nambari ya mtandao. Biti 12 zatoa nambari 4,096. Ya kwanza na ya mwisho zimetengwa, basi zabaki 4,094 za kutumiwa. Kwa sababu ya alama hiyo, urefu wa juu wa fremu uliongezwa kutoka baiti 1,518 hadi 1,522.

Kuutengeneza mlango wa namna hii kwahitaji mambo manne. Kwanza, mitandao huundwa na kupewa nambari, mathalan 10 kwa uhasibu, 20 kwa masjala, 30 kwa wageni. Pili, mlango hutangazwa kuwa shina waziwazi, wala hauachwi upatane wenyewe na mashine yoyote itakayochomekwa. Tatu, huandikwa orodha ya nambari zinazoruhusiwa kupita, na zisizo na kazi upande wa pili hukatazwa. Nne, huamuliwa fremu isiyo na alama ihesabiwe kuwa ya mtandao gani. Katika fayawoli, mlango huo mmoja hugawanywa kuwa milango midogo, kila mmoja na nambari yake na anwani yake. Na kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine hakuna ruhusa ila kwa amri iliyoandikwa.

Jambo la nne ndilo lenye hatari zaidi. Ikiwa upande mmoja wasema kwamba kisicho na alama ni cha 10, na upande wa pili wasema ni cha 30, habari za mhasibu zitaingia kwa wageni, na hakuna waya uliokatika wala taa iliyozimika. Tena mtu mwenye hila aliye katika mtandao wa wasio na alama aweza kuitia fremu yake alama mbili: swichi ya kwanza huivua ya juu, na ya pili huisoma ya ndani na kuipeleka asikostahili kufika. Kwa hiyo mafundi waangalifu huupa mtandao huo nambari isiyotumiwa na mtu, au huamuru kila fremu itiwe alama. Ulinzi wote umo katika mapatano ya pande mbili juu ya maana ya alama.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Neno la Kiingereza trunk lina maana ya shina la mti, mkonga wa ndovu na sanduku la safari. Katika simu likawa njia kuu baina ya vituo. Katika mitandao limegawanyika tena: kwa vifaa vya Cisco ni mlango ubebao mitandao mingi, na kwa vifaa vya HP vya jina la ProCurve ni nyaya kadhaa zilizofungwa pamoja zifanye kazi kama mmoja. Fundi aliyezoea vya kwanza, akisoma maagizo ya vya pili, atafanya kazi nyingine kabisa. Kiswahili kina nafasi ya kuiepuka ajali hiyo, lakini nacho kimeanza kusita: magazeti huandika mara mkongo, mara mkonga, kwa kitu kile kile.

Yafaa basi mkongo liachiwe njia kuu ya taifa, kwa kuwa ndilo jina lake rasmi. Nyaya zilizofungwa pamoja ziitwe fungu. Na mlango ubebao mitandao mingi uitwe mlango-shina. Yaweza kusemwa kwamba shina lina kazi nyingine: katika siasa ya Tanzania ni kundi dogo la nyumba, na katika sarufi ni kiini cha neno. Pingamizi hilo si zito, kwani mlango mbele yake huondoa shaka, nayo maana ya asili yafaa, kwa kuwa matawi mengi hukutana katika shina moja na kila tawi hubaki tawi.

Tangu Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, taasisi iliyoirithi Chuo Kikuu mwaka 1964, na Baraza la mwaka 1967, kazi ya istilahi imekuwa kuhakikisha kwamba msemaji na msikilizaji hulielewa neno kwa maana moja. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux ulionyesha kwa programu ya Jambo OpenOffice kwamba kompyuta yaweza kusema Kiswahili mbele ya mtumiaji. Kazi iliyobaki ni kwa fundi aliye nyuma ya kabati la nyaya, Tukuyu au kwingineko. Istilahi isiyo na mapatano ni kama fremu isiyo na alama: itafika, lakini hakuna ajuaye itafika kwa nani.