Gobore kwenye njia ya Stanley

Ukitoka Bariadi kwenda Lamadi unapita mashamba ya pamba, majaruba ya mpunga na mawe makubwa ya Usukuma. Magharibi ya barabara hii ndiko Henry Morton Stanley alikopita Februari 1875, akiulizia mto ambao kitabu chake kinauita Shimeeyu, yaani Simiyu. Aliamini kuwa Simiyu ndiyo chanzo cha Nile kilicho mbali kuliko vyote upande wa kusini. Alikuwa ameondoka Bagamoyo Novemba 1874 na msafara wa watu 356. Huko Ituru alimzika mwenzake wa safari, Edward Pocock, kisha akapigana na Wanyaturu pale Vinyata, na tarehe 27 Februari akafika Kageyi, ukingoni mwa Ziwa Victoria.

Nimeifuata njia hiyo kwa sababu ya bunduki zilizobebwa na watu wake. Miongoni mwazo zilikuwamo Snider, na Snider ina asili yake. Ni Enfield ya 1853, iliyokuwa ikishindiliwa baruti na risasi mdomoni kwa mdeki, ambayo Waingereza waliikata nyuma na kuiwekea kifuniko ili ipakiwe huko. Bunduki za kupakia mdomoni zenyewe, zilizochoka majeshini Ulaya, ziliuzwa Afrika kwa pembe na watumwa. Mwaka 1888 balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kuwa silaha kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kwa mwaka. Mkataba wa Brussels wa 1890 ukazibana bunduki za kisasa, lakini ukaacha upenyo kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu. Bara likabaki na silaha duni, na hiyo duni ndiyo waliyoitengeneza wahunzi ilipoharibika, hadi wakajua kuunda ya kwao: gobore.

Wakati wahunzi wetu wakiunda zao, Wazungu na Wamarekani nao walikuja kunakili bunduki zilezile kwa sababu nyingine kabisa. Kumbukumbu ya miaka mia ya vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, 1961 hadi 1965, iliamsha hamu ya kulenga shabaha kwa silaha za mababu, na viwanda vya Gardone Val Trompia, Italia, vikapata soko. Kampuni ya Parker-Hale ya Birmingham ikatoa Enfield mpya, ikipima kwa vipimo vya asili. Leo Parker-Hale iliyotengenezwa Birmingham inatafutwa kuliko ile ya baadaye iliyotoka Italia, ingawa kwa mbali zinafanana. Mnunuzi makini huanza na mihuri ya mtutu. Bunduki ya Italia hugongwa alama ya mwaka wa kupimwa: AA ni 1975, AB ni 1976. Kisha humulika ndani, maana masizi ya baruti nyeusi hunyonya unyevu, na mtutu usiooshwa siku ileile huliwa na kutu. Mbao iliyopigwa msasa na chuma kilichong'arishwa upya hushusha bei. Boksi na karatasi za kiwandani huipandisha. Anayeichubua nakala ili aiuze kama ya kale huyo ni mwizi, na wapo.

Sasa liangalie gobore la Usukuma. Nililolishika, la mzee mmoja mwenye kibali, mtutu wake ni bomba la chuma lililofungwa kwenye mbao kwa pete za bati. Nyundo ya kugonga fataki ilifuliwa kwa mkono, na mapigo ya mhunzi bado yanahesabika juu yake. Kitako kimekuwa cheusi kwa jasho mahali shavu linapoegemea. Muhuri hakuna. Ukimuuliza mwenyewe, atakutajia jina la fundi, kijiji chake, na mwaka wa njaa ambao baba yake alilinunua ili afukuze nguruwe shambani.

Hayo ndiyo yanayolipa gobore thamani, nayo hayajaandikwa popote. Kila serikali inapotangaza msamaha wa kusalimisha silaha kwa hiari, magobore hupelekwa polisi, na nyingi ya silaha hizo huishia kuteketezwa. Siupingi msamaha. Gobore limeua watu na limemaliza wanyama kwenye mipaka ya pori la Maswa, na bomba lisilopimwa humpasukia anayelifyatua. Lakini kuyachoma yote bila kuuliza ni kufuta kazi ya mafundi wa miaka mia na zaidi. Machache yazibwe mtutu na tundu la fataki yasifae tena, yapelekwe makumbusho ya Bujora, ambako uhunzi wa Wasukuma tayari una nyumba yake. Na askari anayepokea silaha aongeze mistari mitatu kwenye daftari lake: nani alilitengeneza gobore, wapi, na lilitumika kwa nini. Anayeweza kumjibu yuko mbele yake kaunta siku hiyohiyo.